Picha Zenye Ukungu

Erasmo mwanangu,

Sitakuandikia habari za kuvaa sweta, wala kula kabla ya kupanda basi, wala kumwamkia shangazi yako vizuri ukifika Dar es Salaam. Hayo nimekuchosha nayo tangu ukiwa darasa la kwanza, na kama hayajakuingia mpaka leo hayataingia kwa barua. Umekwenda kuaga kwa mjomba wako na najua utachelewa, maana kila nyumba njiani itataka ule. Basi nimekaa kuandika. Kwa mdomo mambo haya hayatoki, kwa sababu kila nikianza unanitazama kwa huruma, na mimi huruma yako siitaki.

Leo mchana, ulipotoka tu, nimezungumza na Bibi yako. Nitakufikisha huko. Lakini kwanza nina hasira na wewe, na sitaki uondoke hujaijua.

Juzi tukiwa tunakula ulisema, "Mama, kompyuta inajua kile tu ilichofundishwa. Ninyi mliifundisha nini?" Ulisema huku unamega ugali, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi. Ukasema "ninyi" ili uonekane una adabu, lakini mezani tulikuwa wawili tu, wewe na mimi. Bibi yako amelala chumbani, jicho moja limekwisha kufa, na aliyempiga picha ya macho ni mimi. Ilinichoma, Erasmo. Nilinyanyuka nikajifanya nakwenda kutazama maharage, na wewe ulijua maharage yameiva tangu saa ile unaingia.

Haya, swali uliuliza. Kaa sasa usikie jibu, maana kesho unasafiri kwenda kufundisha mashine, ukalie kiti kama kile nilichokalia mimi.

Mimi nimekulia kwenye vichanja vya kahawa, kule Mapera. Wewe kahawa umeijua kwa kuvuna likizo na kulalamika mgongo unauma. Sisi tulikuwa tunaichambua. Ikishakauka unaitandaza mbele yako, unapitisha mkono, nyeusi unatoa, iliyotobolewa unatoa, iliyovunjika unatoa. Na kahawa ya kikundi chetu ilichanganywa pamoja. Ukipeleka mbovu wanunuzi hawashushi daraja lako peke yako, wanashusha la wote, halafu Jumapili baada ya misa wanawake wanakupita kama hawakujui. Mama yangu akiona punje nyeusi imepita chini ya mkono wangu ananichapa vidole hapo hapo. Mwisho vidole vilijifunza vyenyewe. Nilikuwa naitupa mbovu kabla sijajua nimeiona.

Vidole hivyo ndivyo nilivyoingia navyo kwenye kliniki ya macho.

Unakumbuka walipokuja wale wa mradi na kamera yao. Mgonjwa wa kisukari anaweka kidevu pale mbele, unakuwa umeshamtia matone ya kupanua mboni, mwanga unamulika, na kwenye kioo cha kompyuta unaona mpaka nyuma kabisa ya jicho, pazia lenyewe na mishipa yake ya damu. Kama kisukari kimeanza kuliharibu unaona vidoa vya damu, kimoja hapa, kimoja pale. Kazi yangu ilikuwa kupiga, halafu kuzitayarisha. Nikate ule weusi wa pembeni, niandike hili la kulia hili la kushoto, niondoe jina la mtu, nizipange. Madaktari waziwekee alama palipo na ugonjwa, kisha kompyuta ijifunze kutoka kwenye picha hizo. Na palikuwa na sehemu maalumu ya kuweka picha zisizosomeka. Nilionyeshwa. Sitakudanganya kwamba sikuonyeshwa.

Sasa tulipokuwa tunateremka ziwani, Lipingo na vijiji vya jirani, tulipigia picha ndani ya ukumbi wa kanisa. Jua la kule unalijua. Tunaziba madirisha kwa mablanketi na vitenge na bado mwanga unapenya. Wanakuja wazee, macho yameanza kufunga mtoto wa jicho, matone unatia na mboni haifunguki, kichwa kinatetemeka, machozi yanamtoka. Unapiga, inatoka ukungu mtupu. Unarudia, ukungu. Na nje foleni inapiga kelele kwamba mtumbwi unawasubiri.

Nikizitazama jioni, nusu ya kazi yangu mbovu. Nikaona aibu. Sikuona wagonjwa, Erasmo, niliona kahawa nyeusi ndani ya gunia letu. Nikasema hawa watu wa mjini wakifungua wakakuta ukungu wote huu watasema wanawake wa Mbinga hawajui kushika kamera, na wenzangu wote kwenye timu watachekwa kwa ajili yangu. Nikazifuta. Sikuziweka kwenye ile sehemu yake, nilizifuta zisionekane kabisa, na nikalala usingizi mzuri nikijiona mchapakazi.

Unajua kilichofuata? Walinisifu! Yule mkubwa wao, kijana mpole, sauti kama ya padri, alisimama mbele ya watu akasema hajawahi kupokea picha safi kama zilizotoka kwetu. Watu wakapiga makofi. Mimi nimesimama pale na gauni langu la Pasaka, nachekacheka. Watu wa mradi wamesoma mpaka vipara vimewatoka, wanaletewa macho ya wazee wa mlimani na ziwani, hayana hata moja lenye ukungu, na hakuna hata mmoja aliyejikuna kichwa akauliza wengine wako wapi. Makofi tu. Nikikumbuka makofi yale natamani kutema mate.

Halafu mashine ikarudi imekamilika. Sasa tukaambiwa hakuna kusubiri daktari, mgonjwa anapigwa picha na jibu linatoka hapo hapo. Safari ya kwanza tukateremka nayo Lipingo, na kwenye foleni alikuwepo Bibi yako, mama mkwe wangu.

Wewe unamjua Bibi aliyekubeba mgongoni. Mimi namjua mwingine. Bibi yako hakunitaka tangu siku ya kwanza. Alimuuliza baba yako mbele yangu, "Huku chini wasichana wameisha, mpaka upande mlimani ukamlete Mmatengo, tena Mkatoliki?" Miaka yote niliyoolewa nilipiga magoti nikasema shikamoo Mama, naye akaitikia marahaba akitazama ukuta. Ugali wangu wa mahindi hauna nguvu, wa muhogo ndio ugali. Kuni zangu zina moshi. Akitaka kunitaja anasema "yule". Baba yako alipofariki nikajua sasa kamba iliyobaki kati yetu ni wewe tu, na wewe ukienda shule hatuna hata la kusalimiana.

Basi siku hiyo akakaa mbele ya kamera. Kwetu, na kwao pia, mkwe humkazii macho. Unaongea naye umeinamisha uso. Na mimi kazi yangu ni kumtazama mpaka chini kabisa ya jicho lake! Angekuwa mtu mwingine ningemwinua kope kwa kidole, ningemwongezea matone, ningemwambia, "Mama, subiri hapo gizani, turudie." Lakini kumshika mama mkwe kope? Sikuthubutu. Nilipiga haraka ili yaishe, kulia, kushoto.

Ikatoka ukungu. Niliiona. Vidole vyangu vilitaka kuifuta pale pale. Lakini kazi ya kutoa mbovu haikuwa yangu tena, mashine ndiyo inayosema, na mashine ikaandika kwamba hakuna dalili za ugonjwa, macho yote mawili.

"Inasemaje?" akauliza.

Nikamsomea.

Akacheka. Tangu niolewe sijawahi kuona meno ya Bibi yako yakinichekea mimi. Akanishika mkono, akasema, "Ungeniambia wewe nisingeamini. Lakini mashine haina ukoo, haimjui Mnyasa wa ziwani wala Mmatengo wa mlimani." Akageukia foleni nzima akatangaza, "Huyu ni mkwe wangu! Huyu anayeendesha mashine ni mkwe wangu!"

Erasmo, niliposikia neno hilo nilijikausha. Nilikuwa nimeona ukungu kwa macho yangu haya. Nilijua kwenye picha ile hakuna kitu mtu anaweza kukisoma. Mdomo ulifunguka niseme turudie, nikaufunga. Nilifurahi mno. Nimesubiri mno. Nikasema moyoni mashine imefundishwa na madaktari, itakuwa inaona nisichokiona mimi.

Mfuko wa usipa, dagaa wao wa ziwani, ulianza kuja kwa basi kila baada ya muda. Wewe ulikuwa chuoni, ulisikia tu kwenye simu kwamba Bibi siku hizi anampenda Mama, ukasema "hatimaye". Alikuwa ananipigia asubuhi, "Mama Erasmo, umeamkaje?" Nilikuwa naula usipa ule na majirani nikiwaambia umetoka kwa mama mkwe wangu. Sasa nikiona usipa sokoni napita upande wa pili.

Baadaye akaanza kuona vitu vyeusi vinapita mbele ya jicho la kulia, kama nzi. Hakuja kliniki. Aje kufanya nini na mashine imesema macho mazuri? Akakaa. Siku aliyoamka jicho limejaa giza ndipo majirani wakampakia kwenye gari kumleta kwangu, na daktari akasema damu imevuja ndani na tumechelewa.

Wale wa mradi walipopata habari walikuja tena. Safari hii hawakuwa na makofi. Walionyesha kwenye ukuta kwamba mashine haijawahi kufundishwa picha zenye ukungu, kwa hiyo ikiletewa ukungu haioni vidoa, na isipoona vidoa inasema hakuna ugonjwa. Yule mpole akasema tatizo limetokea "kwenye utayarishaji wa picha". Hakunitaja jina. Chumba kizima kikageuka kunitazama. Nikanyoosha mkono, nikauliza, "Siku ile mlipopiga makofi, mlikuwa mnapiga makofi ya nini?" Mmoja akaanza kutafuta kitu kwenye simu. Mkutano ukafungwa, wakapanda gari lao. Nina uchungu na watu wale, na sina haraka ya kuumaliza. Kosa langu ni langu, nimelibeba. Lakini walioliita usafi ni wao, na mpaka leo hakuna aliyerudi kulichukua fungu lake.

Kwa hiyo nisikilize, maana hili sijui kama chuoni mlifundishwa. Hakuna mtu atakayekuja kukwambia, "Erasmo, futa macho ya wazee." Angesema hivyo ungekataa, nimekulea mimi. Watakusifu tu. Watakwambia picha zako safi, mashine yako inapata alama za juu. Ukisifiwa hivyo ogopa, baba, kisha nenda ukaulize kilichotupwa kiko wapi na ni cha nani. Picha ya ukungu ina mtu wake. Alipanda bodaboda au alitembea toka alfajiri, akatiwa matone yanayowasha, akarudi nyumbani anajikwaa kwenye mawe kwa sababu mwanga unamuumiza. Iandike haisomeki, iache hapo ionekane, na mashine ifundishwe kusema sijui, mtu huyu apelekwe kwa daktari. Kama wakikwambia inaharibu hesabu zao, waharibikiwe.

Wewe huna vidole vya kahawa kama vyangu. Lakini una haya, umerithi kwangu, nakuona. Unapenda watu waseme kijana huyu kazi yake nzuri. Huko ndiko utakakonaswa.

Sasa ya leo.

Unajua daktari alivyosema kuhusu jicho la kushoto. Nalo limeanza, lakini bado linaokoka akichomwa mionzi kwenye hospitali kubwa, na asikawie. Na unajua ulivyombembeleza Bibi yako mpaka sauti ikakukauka. "Mashine ilisema mazuri yote mawili," anasema. "Hili limeharibiwa na moshi wa kukaushia usipa. Mashine haikosei, wanaokosea ni watu." Ukamwambia mashine imekosea, akakwambia wewe mtoto, mashine umeijulia wapi. Ukatoka nje ukapiga teke ndoo.

Mimi nilikuwa jikoni nasikia. Nilijua kuna neno moja tu la kumtoa pale, nami ndiye niliye nalo. Nimelikalia wiki nzima. Unataka kujua kwa nini? Kwa sababu tangu aletwe hapa ananiita mwanangu. Kwa sababu jana alisema nywele zangu zimekuwa za mwendawazimu, akanivuta nikakaa chini katikati ya magoti yake, akaanza kunisuka kwa kupapasa, na hilo jicho moja analikaza mpaka linatoa machozi. Alisuka upande mmoja, akachoka, akasema kesho tutamalizia. Mama yangu mzazi amekufa zamani. Sijui mara ya mwisho mtu kunishika kichwa ilikuwa lini. Nililia kimya kimya nikijifanya ananivuta sana.

Leo ulipotoka akaniita tumalizie kusuka. Alikuwa ameketi mkekani, kitana mkononi. Nikapiga magoti mbele yake badala ya kukaa.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Mbona unaniamkia tena? Si uliniamkia asubuhi?"

"Mama, ile mashine iliyosema macho yako mazuri, iliyoitayarishia picha za kujifunzia ni mikono hii. Picha za macho ya wazee, zenye ukungu, nilizitupa. Haijawahi kuona jicho kama lako. Iliposema hakuna ugonjwa, ilikuwa haioni kitu. Na mimi siku ile niliona ukungu, nikanyamaza."

Akapapasa meno ya kitana kwa kidole.

"Ulinyamaza kwa nini?"

"Uliniita mkwe wako."

Akakiweka kitana chini.

"Hao wazee uliowatupa ni akina nani? Ni wa Lipingo?"

"Na wa Lipingo wamo. Siwezi kuwataja, Mama. Majina tulikuwa tunayaondoa."

"Na tuliosimama foleni siku ile, tukaambiwa macho mazima?"

"Hao nawajua. Jumatatu nateremka kuwafuata, nyumba kwa nyumba."

Alinigeuzia lile jicho la kushoto. Mimi sikuinamisha uso, Erasmo, nimemtazama mama mkwe wangu machoni, na yeye kanitazama, mpaka nikaona kwamba ameniona vizuri.

"Nitakwenda na Erasmo," akasema. "Jicho langu nalitaka. Lakini wewe usinisindikize. Na usiniite mama, mama yako alikufa."

Akaanza kukusanya vitenge vyake. Nilitaka kumsaidia kufunga, akauvuta mfuko kwake.

Ndiyo hivyo. Ukirudi utamkuta amejiandaa, na mimi utanikuta nimesukwa upande mmoja, usiniulize mezani. Nimeshampigia shangazi yako, atawapokea wote wawili, na karatasi ya daktari nimeiweka kwenye begi lako juu kabisa. Mpeleke hospitali kabla hujakwenda kuripoti kazini. Wakikwambia umechelewa, wachelewe na wao.

Usijaribu kutupatanisha njiani. Nakujua, utaanza, "Bibi, Mama hakukusudia." Nyamaza. Sikukusudia, ndiyo, na jicho limekufa vile vile. Nimelia mchana kutwa, na nitalia tena mkishaondoka, lakini sijutii nilichomwambia. Miaka yote ile alinichukia bila sababu. Sasa anayo, na atakwenda kutibiwa. Akirudi siku moja akanipita sokoni akanigeuzia mgongo, nitajua jicho limenitambua kutoka mbali.

Mama yako